Kikundi Kinapokwenda Kuona Kanga za Kale kwenye Ghala la Makumbusho: Mwongozo Kamili

Kanga zinazotundikwa kwenye kumbi za makumbusho ni chache kuliko zilizomo. Nyingine zimelala gizani ghalani, zimeviringishwa kwenye mirija mipana ya karatasi ngumu au zimetandazwa masandukuni, na hutolewa mtu akiomba. Mafundi cherehani, wanachuo wa ubunifu, akina mama wa chama, walimu wa Kiswahili, wote wanaweza kuomba na wakakubaliwa. Wala msiende kama watu waliofadhiliwa. Kadi nyingi za ghalani ziliandikwa na watu wasiojua Kiswahili. Utakuta kitambaa kimeelezwa kuwa kina "maandishi ya Kiarabu" kumbe ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na anayejua Kiarabu peke yake akikisoma haambulii kitu. Ninyi mnaweza kukisoma. Kwa hiyo ziara ipangwe hivi: vipande vichache, muda wa kutosha kwa kila kimoja, na maandishi yatakayobaki kwenye faili la makumbusho mkishaondoka.

Mahesabu yaliyomo humu ni ya kikundi cha watu 8 kinachokaa ghalani saa 2.

Amueni mnataka kuona nini

"Nguo za kale za pwani" ni ombi pana mno. Msimamizi wa mkusanyo akilipokea hatajua afungue kabati lipi. Chagueni aina moja, au mbili zinazohusiana.

Merikani ni pamba isiyopaushwa, iliyofumwa uzi mmoja juu mmoja chini. Ililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, hasa baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vya 1861 hadi 1865 vilikata ugavi huo, na pamba ya viwanda vya kwingine ikachukua nafasi yake. Kaniki ni pamba iliyotiwa rangi ya nili. Kikoi rangi zake zimo kwenye nyuzi zenyewe, hazikupigwa chapa juu ya kitambaa. Kanga, au leso kama wasemavyo Mombasa, ndiyo yenye mengi ya kusoma, na ndiyo tutakayoishughulikia zaidi.

Jueni pia kwamba kanga za mwanzo hazikuchapwa kwetu. Zilichapwa Uholanzi na Uingereza, baadaye Uhindi na Japani, na kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilianza 1968 kwa msaada wa China. Ndiyo maana vitabu vya sampuli, yaani vile vitabu vikubwa ambamo kiwanda kilibandika vipande vya kila chapa, viko Ulaya. Kampuni ya P. F. van Vlissingen ya Helmond, leo Vlisco, iliyoanzishwa 1846, ilichapa kanga za Afrika Mashariki. Kitabu cha sampuli kina sifa ambayo kanga nzima haina: mara nyingi kina tarehe na namba ya chapa. Kasoro yake ni kwamba kipande kilichobandikwa ni kidogo, na jina la kanga, yaani maandishi yake, linaweza kuwa limekatwa. Mkiweza kuona vyote viwili, anzeni na kanga nzima.

Kutafuta kilipo

Kwa walio nyumbani, pa kuanzia ni Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam na, kwa Kenya, Fort Jesus na Makumbusho ya Lamu. Zanzibar ulizeni kwanza vitu vimehifadhiwa wapi kwa sasa, kwa kuwa sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kwa walio Ulaya na Marekani, British Museum ina kanga za Kenya na Tanzania na katalogi yake iko mtandaoni. Peabody Essex Museum ya Salem ni mahali pa kuuliza habari za biashara ya Zanzibar.

Kutafuta kwenye katalogi kuna ufundi wake. Andikeni neno moja moja, wala msitegemee tahajia moja: kanga, khanga, leso, lesso, kisutu. Kisha tafuteni kwa jina la mahali: Zanzibar, Mombasa, Lamu, Bagamoyo. Kwenye makumbusho ya Ujerumani vitu vilivyokusanywa kabla ya 1918 huwekwa chini ya Deutsch-Ostafrika, si Tanzania. Kanga nyingine zimeandikwa tu "cloth" au "wrapper", na picha ndiyo itakayowaambia ukweli: tafuteni pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na mstari wa maandishi.

Kosa la kawaida hapa ni kusoma mwaka vibaya. Mwaka ulio kwenye katalogi aghalabu ni ule kitu kilipoingia makumbusho. Kanga iliyopokelewa 1934 inaweza kuwa ilivaliwa miaka thelathini kabla ya hapo.

Nakilini namba ya usajili ya kila kipande jinsi ilivyo, pamoja na nukta na mikwaju yake. Tarakimu moja ikikosewa mtaandaliwa kinyago badala ya kanga, na siku hiyo hakuna atakayekwenda kutafuta kingine.

Barua ya maombi

Tumeni wiki 8 hadi 12 kabla. Sehemu nyingine zinataka muda mfupi zaidi; V&A East Storehouse, ghala la makumbusho ya Victoria and Albert ya London, iliyofunguliwa 31 Mei 2025, humruhusu mtu yeyote kuagiza hadi vitu 5 akiomba walau wiki 2 kabla. Ila kikundi ni mzigo mwingine kuliko mtu mmoja. Kila kipande lazima kikaguliwe kwanza na mtaalamu wa uhifadhi, pengine kiko kwenye ghala la mbali, na meza ya kutosha ni moja tu.

Barua isizidi ukurasa mmoja. Mfano:

*Yah: Ombi la kikundi kuona kanga ghalani*

*Sisi ni kikundi cha watu 8: mafundi cherehani 4, walimu wa Kiswahili 2, na wazee 2 wanaosoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Tunaomba kuona vipande 8 vilivyoorodheshwa hapa chini kwa namba zake za usajili, kwa muda wa saa 2, siku yoyote ya Jumanne hadi Alhamisi katika wiki tatu tulizozitaja. Tunakusudia kusoma maandishi, kupima, na kuandika maelezo ambayo tutawaletea nakala. Tunaomba ruhusa ya kupiga picha bila flashi kwa ajili ya kujifunza. Hatutazichapisha bila idhini yenu ya maandishi. Mmoja wetu hawezi kupanda ngazi. Tafadhali tujulisheni kama kuna kipande kisichoweza kutolewa au kugeuzwa, na kama kuna ada.*

Sentensi inayofungua mlango ni ile ya maelezo mtakayoleta. Isiwe ya kupamba barua, mkiiandika, itimizeni. Kama kazi yenu ni utafiti wa kuchapishwa, ulizeni mapema kuhusu kibali: Kenya vibali vya utafiti hutolewa na NACOSTI, Tanzania na COSTECH, na kibali huchukua muda mrefu kuliko barua.

Chagueni siku isiyo Ijumaa, na saa isiyokata swala. Asubuhi ni bora, macho yakiwa hayajachoka.

Kwa nini vipande 8 na si 20

Saa 2 ni dakika 120. Dakika 15 za mwanzo ni za kuweka mizigo, kunawa na kusikiliza masharti. Vipande 8 kwa dakika 10 kila kimoja ni dakika 80. Zinabaki 25: kumi za kusahihisha maandishi yenu, kumi na tano za kurudi kwenye kipande kimoja kilichowasumbua. Dakika 10 hizo zina mfanyakazi anayefungua kipande na kukifunga, kwa hiyo ninyi mnabaki na 7 hivi. Mkiomba vipande 20 mtakuwa mnatazama karatasi zikifunguliwa na kufungwa.

Hesabu ya meza nayo. Kanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 110. Meza ya mita 2.4 kwa 1.2 inaichukua, lakini kwa upana inabaki sentimita 5 tu kila upande, na ndipo viwiko vinapotua. Wasizidi watu 4 mezani kwa wakati mmoja. Wanne wengine wakae pembeni na picha za katalogi, kisha wabadilishane. Doti isiyokatwa ina urefu wa karibu mita 3 na haienei kwenye meza hiyo: ncha moja itabaki imeviringishwa. Semeni mapema kama mnataka kuona ncha zote mbili.

Mwanga, na kwa nini ghala lina giza

Hili huwaudhi wengi, hivyo lielezwe kwenye kikundi kabla ya siku yenyewe. Mwanga hufifisha rangi na kudhoofisha uzi, na uharibifu wake hujumlishwa: kanga ikikaa gizani miaka kumi hairudishi kilichopotea. Kipimo kinachotumiwa sana kwa nguo za kale ni luksi 50, ambao ni mwanga hafifu. Mkiomba mwangaza wa luksi 200 kwa saa 2, nguo imepata luksi-saa 400, sawa na kutazamwa kwa saa 8 kwenye mwanga wa kawaida wa maonyesho. Ndiyo maana kipande kilichokwisha kutazamwa hufunikwa papo hapo. Macho huchukua dakika kadhaa kuzoea. Waliozoea kuvaa miwani ya kusomea wasiisahau.

Kujiandaa kwa kikundi

Gawaneni kazi kabla ya kutoka nyumbani. Msomaji husoma maandishi kwa sauti. Mpimaji ana futi ya kitambaa ya fundi, isiyo na bati nchani. Mpiga picha ni mmoja tu. Mwandishi hujaza fomu. Mtu wa tano anashika saa, na awe mtu asiyeona haya kuwakatiza wazee.

Vitu vya kubeba ni vichache: penseli (kalamu za wino hazikubaliki, tone moja halitoki), karatasi ngumu ya kuandikia, lenzi ya kukuza mara 10, kipande cha kadibodi kilichotobolewa dirisha la sentimita 1 kwa 1 cha kuhesabia nyuzi, na sweta, kwa kuwa maghala mengi hupozwa. Sweta lisiwe la manyoya yanayopuruka.

Mwili nao una masharti. Bangili, pete zenye vito, saa na beji vinakwaruza au kunasa uzi, vivuliwe vyote. Anayejifunga mtandio aubane vizuri, ncha zake zisiburute mezani. Mafuta ya nazi mikononi, losheni na manukato ya kupuliza huacha mafuta ambayo baadaye hugeuka manjano. Nguo iliyofukizwa udi asubuhi hiyo itaachia harufu ndani ya chumba kilichofungwa, na harufu huingia kwenye pamba. Hina ikishakauka na kuoshwa vizuri haina neno. Ya jana usiku inayomenyuka bado, subirini.

Msilete kanga zenu za kulinganisha bila kusema. Si ukali wa bure: mabuu ya nondo na ya wale mende wadogo wa mazulia huingia ghalani kwa njia hiyo hiyo, na wakishaingia hula sufu na hariri za ghala zima. Mkiruhusiwa, ifungeni kanga kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iwekeni kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki 2, kisha itoeni na muiache siku nzima bila kufungua mfuko. Ukifunguliwa mapema, mvuke wa hewa utatua kwenye kitambaa baridi na kukilowesha.

Mlangoni na mezani

Mikoba, vinywaji, peremende na makoti hubaki nje. Kunaweni kwa sabuni na kukausha kabisa, hata kama mtapewa glavu. Kuhusu glavu, fuateni la mwenyeji. Glavu za pamba nyeupe, zile za kwenye sinema, siku hizi hazipendwi kwa nguo kwa sababu hunasa nyuzi na hupoteza hisia ya vidole. Za nitrili, yaani za mpira mwembamba, hutumika kwa sababu mbili: joho au kofia yenye nyuzi za madini huchafuliwa na chumvi ya jasho, na makusanyo ya zamani yaliwahi kutiwa dawa za wadudu kama arseniki, zebaki na DDT, ambazo bado zimo kitambaani. Hapo glavu zinawalinda ninyi, siyo nguo. Mkitoka nawaneni tena kabla ya kula.

Kanga hainyanyuliwi kwa pembe. Uzito wote huning'inia kwenye nyuzi chache na pamba ya miaka mia huchanika bila kutoa sauti. Mfanyakazi ndiye anayegeuza, kwa kuiweka kati ya karatasi mbili na kuipindua pamoja nazo. Mkitaka kuona upande wa nyuma, ombeni, msisaidie.

Sehemu nyeusi ziogopwe zaidi. Nyeusi iliyotengenezwa kwa chuma na tanini hula uzi taratibu, na nyeusi ya anilini iliyochapwa kwa asidi nyingi nayo hudhoofisha pamba. Mkiona rangi nyingine ziko salama na nyeusi peke yake imetoboka kama iliyoliwa, sababu ni hiyo, wala si panya. Kaniki ina tatizo la aina nyingine: nili hutoka ikisuguliwa, hata kavu. Vidole vikiwa na alama ya buluu, kuna mtu aliyegusa.

Namna ya kuisoma kanga

Anzeni mbali. Simameni hatua mbili nyuma kwa dakika moja bila kusema kitu, mtazame pindo na mji kwa pamoja. Kisha mwandishi aandike namba ya usajili, urefu, upana, na upana wa pindo kila upande. Pindo za juu na chini mara nyingi hazilingani na za ubavuni. Pimeni zote nne.

Halafu kingo. Kwenye pande ndefu utaona ukingo wa mtambo usiofumuka. Pande fupi ndizo zilizokatwa na mkasi. Zilizokatwa ndizo zinazosema kama kanga ilivaliwa. Upindo wa mkono una mishono isiyolingana. Wa cherehani una uzi juu na chini na mishono sawasawa. Pande fupi zikiwa hazina upindo kabisa, au doti ikiwa haijakatwa, basi huenda kanga ile ilinunuliwa dukani ikaenda moja kwa moja kwa mkusanyaji, bila mwanamke yeyote kuifunga. Ni habari kubwa hiyo, na kadi nyingi hazisemi.

Kwa iliyovaliwa, tafuteni kule ambako mwili hufanya kazi: pembe za juu zilizosokotwa kwa kufungwa kifuani, mstari uliofifia pale ilipokunjwa kiunoni, madoa ya hina au mafuta. Madoa yaandikwe mahali yalipo, kwa sentimita kutoka kwenye kingo mbili. Mshono unaopita katikati ya kitambaa nao usiachwe. Inasimuliwa kwamba kabla ya kanga wanawake wa pwani waliunganisha leso sita (hapa leso ni kitambaa cha mkononi, si kanga), tatu kwa tatu, kupata nguo moja. Mkikutana na mshono wa namna hiyo, ombeni dakika zenu 15 za akiba zitumike hapo.

Mbinu ya kuchapa husomeka kwa lenzi. Chapa ya kibao cha mkono huacha viungio visivyokutana vizuri, mistari ya giza pale vibao vilipopandana, na mara nyingine vitone vidogo vya pini pembeni vya kumwongoza mchapaji. Chapa ya rola ya shaba iliyochongwa ina mistari myembamba sana na vitone vinavyofanana mno. Chapa ya fremu ya wavu ina rangi bapa, nzito, yenye kingo safi, na rangi moja ikiteleza huacha ufa mweupe upande mmoja wa kila ua. Nyufa kama mishipa ndani ya rangi ni dalili ya nta. Tazameni nyuma pia: rangi imepenya kiasi gani?

Kuhesabu nyuzi: wekeni dirisha la kadibodi juu ya kitambaa bila kukandamiza, hesabuni mtande (nyuzi za urefu), kisha mshindio (nyuzi za upana), mahali patatu tofauti, mpate wastani. Ni kazi ya dakika 3. Fanyeni kwa vipande viwili au vitatu tu, hasa merikani, ambayo haina rangi wala jina na ufumaji ndio kitambulisho chake.

Sasa maandishi. Kisutu, ile kanga ya harusi ya nyekundu, nyeupe na nyeusi, haina jina, msihangaike. Kwa zilizo nalo, kanga zenye herufi za Kiarabu kwa kawaida ni za zamani kuliko zenye herufi za Kirumi, ila msifanye hiyo kuwa sheria. Ugumu wa kuzisoma uko hapa: mwandiko wa zamani ulitumia herufi za Kiarabu zilizokuwepo, na Kiswahili kina sauti nyingi kuliko hizo. *Ba* inaweza kuwa b, p au mb. *Fa* inaweza kuwa f au v. *Ghaini* hubeba gh, g na ng. Irabu e na i huandikwa sawa, o na u vilevile. Msomaji ataje kila namna neno linavyoweza kutamkwa, na wengine wasikilize ni ipi inayoleta methali au kauli inayoeleweka. Mwandishi aandike zote, kisha aweke alama kwenye iliyokubaliwa. Aliyeandika jibu moja tu amemnyima msomaji wa kesho nafasi ya kuwasahihisha.

Kwa herufi za Kirumi, nakilini makosa jinsi yalivyo. Mchapaji wa ng'ambo hakujua lugha, hivyo "R" kwa "L" au maneno yaliyoshikana ni ushahidi wa safari ya kanga ile, mkisahihisha mnaufuta. Mwishoni, pitisheni jicho kwenye ukingo mrefu, nje ya pindo, kutafuta alama ya mfanyabiashara. "K.H.E. Mali ya Abdulla" ni ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, duka lililoanza 1887, na pamoja nayo huwa kuna namba ya chapa. Ukingo huo ndio unaokunjwa na kufichwa kwanza ghalani, kwa hiyo ombeni ukunjuliwe.

Maana na matumizi yaandikwe na mahali pake. Mzee wa Lamu na mzee wa Unguja wakitofautiana kuhusu kanga hii ilivaliwa wakati gani, si lazima mmoja awe amekosea. "Lamu: …, Unguja: …" inatosha. Mkirekodi sauti, mzee akubali kwanza, na aseme kama anataka jina lake litajwe kwenye faili.

Picha

Kwa kila kipande: moja nzima, pembe nne, jina, ukingo wenye alama, na nyuma ikiwezekana. Ni picha 8 hivi. Kadi yenye namba ya usajili na rula ya sentimita 10 viwekwe kando ya kitambaa, kamwe si juu yake. Simu ifungwe kamba mkononi na isinyooshwe juu ya meza. Simu iliyoponyoka juu ya pamba ya miaka mia itawafungia mlango ninyi na kikundi kinachofuata. Mishono na michubuko huonekana vizuri tochi ndogo ikimulika kutoka ubavuni, kwa sekunde chache, ikishikwa na mfanyakazi.

Msirushe picha kwenye Statasi ya WhatsApp mkiwa bado mlangoni. Ruhusa ya kupiga si ruhusa ya kusambaza, na hapa ndipo vikundi vingi hupoteza nafasi ya kurudi.

Baada ya ziara

Jioni hiyo hiyo, mwandishi na mpiga picha wakae pamoja wapange picha kwa namba za usajili. Ikipita wiki, kanga mbili nyekundu zitachanganyika na hakuna atakayezitenganisha.

Ndani ya wiki 2 tumeni maelezo kwa makumbusho, ukurasa mmoja kwa kila kipande: namba, vipimo, maandishi kama yalivyo, namna zake za kusomwa, maana kwa Kiswahili, tafsiri fupi kwa lugha ya mwenyeji, matumizi na mahali, dalili za kuvaliwa, na majina ya waliochangia kama wamekubali. Pale kadi yao inapokosea, semeni mnachokiona na kwa nini, kwa mfano: "Maandishi ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, neno la pili lina *ba* tunayoisoma p." Ombeni maelezo yawekwe kwenye faili la kipande na katalogi irekebishwe.

Baada ya miezi 6 angalieni katalogi. Kama haijabadilika, andikeni barua fupi mkitaja namba na tarehe ya maelezo yenu. Kazi ya kuingiza marekebisho mara nyingi iko kwa mtu mmoja mwenye foleni ndefu. Ombi la ziara ya pili liwe la vipande viwili au vitatu tu, vile vilivyowashinda, na safari hii ombeni tangu mwanzo vitandazwe upande wa nyuma juu.